Muhuri wa Kwasungo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Lukasi Kasmiri alifunga mnyororo kwenye bampa ya lori, akauvuta mara mbili kuhakikisha umekaza, kisha akampungia mkono dereva wa injini ya shanta. Injini ile ndogo, ambayo kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa ya stesheni ya Korogwe, ilipumua mvuke, ikaanza kutambaa juu ya reli. Lori likaifuata pembeni, kwenye njia ya mchanga kati ya reli na bohari la mizigo. Lukasi alikuwa ameshadandia ndani. Aliingiza gia ya pili, akaachia klachi. Lori likashtuka, likakohoa moshi mweusi, likawaka.

"Mpaka kesho, Kasmiri!" dereva wa shanta alimpigia kelele huku msaidizi wake akifungua mnyororo. "Likizima, usinitafute. Mie leo niko mashambani mpaka usiku."

"Halizimi."

"Jana ulisema hivyohivyo."

Ndivyo lilivyowashwa kila siku tangu mwezi wa kumi na moja. Stata ilikuwa imekufa na spea hazikuwapo Tanga wala Dar es Salaam. Hendeli ya kuzungushia injini iliibwa. Kusukuma kwa mikono kulijaribiwa juma lililopita: wapagazi tisa walilisukuma mpaka ukingo wa jukwaa, wakaishia kukaa chini mchangani, na mmoja akatapika maji matupu kwa sababu hakuwa na kitu kingine tumboni. Injini ya shanta iliondoka kila siku saa moja kamili kwenda kukusanya mabehewa kwenye vituo vya mkonge. Kwa hiyo lori lilikuwa na nafasi moja tu kwa siku. Likizima, limelala.

Bohari lenyewe lilipata kuwa na magari matatu. La kwanza lilikuwa gari la boksi la vifurushi, ambalo lilipinduka zamani na kuuzwa kama vyuma. La pili lilikuwa kichwa cha magurudumu matatu, kilichotumika kuvuta matela kutoka jukwaani hadi madukani; hicho sasa kilikaa juu ya mawe nyuma ya choo, na kuku wa stesheni masta walitagia kwenye kiti cha dereva. La tatu lilikuwa hili, Bedford la tani tatu lililofika mwaka hamsini na mbili, mbao za mninga, rangi ya kijani iliyopauka kama jani la mkonge. Lukasi alilikuta akiwa kijana wa kambini Mazinde, na alikuwa ameliendesha miaka kumi na tisa.

Alishuka bila kuzima, akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza ufito wake. Aliuchonga mwenyewe, alama kumi na tano, kila alama galoni moja. Ulitoka umelowa mpaka alama ya kumi na tano. Ndivyo kibali cha mafuta kilivyosema.

Kutoka hapo hadi kijiji cha Umoja, mbele ya Mazingara, ni maili sitini. Serikali ilikwisha kugeuza maili kuwa kilomita, lakini lori lilikuwa la maili. Likiwa na mzigo lilikula galoni moja kwa maili nane. Tupu, galoni moja kwa maili kumi. Kwenda saba na nusu, kurudi sita. Ilibaki galoni moja na nusu. Likiwa limesimama linanguruma, lilikunywa theluthi mbili za galoni kwa saa. Lukasi hakuhitaji kalamu. Alikuwa na nafasi ya kungoja saa mbili na robo.

Juu ya jukwaa la bohari, karibu na mizani, alikaa bibi mmoja mwembamba aliyejifunga kaniki, fimbo ameilaza mapajani. Aliitwa Mashavu. Alikuwa balozi wa nyumba kumi huko Umoja, na alikuwa ametembea siku tatu kuja Korogwe kupokea mahindi ya kijiji. Usiku wa nne sasa alikuwa amelala palepale jukwaani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, dereva. Limewaka?"

"Limewaka."

"Basi twende."

"Behewa halijafunguliwa, bibi. Karani hajaingia."

Lukasi alimpa kipande cha muhogo uliochemshwa, alichofungiwa na mkewe Grasiana kwenye jani la mgomba. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakikata katikati, nusu akairudisha ndani ya jani na kuifunga vizuri kwenye pindo la kaniki. Lukasi aliangalia pembeni. Alijua nusu ile haikuwa ya bibi kula baadaye. Bibi alikuwa na wajukuu wanne alipohamishwa kutoka kijiji chake cha zamani, Kwasungo, kupelekwa Umoja. Ijumaa moja kabla hajaondoka walimzika mmoja. Huko Umoja watu walikuwa wakichimba viazi vya porini, vile vinavyolowekwa siku tatu ndipo visiue, na kuna waliokuwa wameshindwa kungoja siku tatu.

Behewa lilisimama kwenye reli ya tatu, hatua thelathini kutoka walipokuwa. Ndani yake mlikuwa na magunia thelathini na matatu ya mahindi ya njano, tani tatu kasoro kidogo, mzigo kamili wa lori. Mlango ulifungwa kwa waya uliobanwa kwa kidonge cha madini ya risasi. Sili ile haikuvunjwa ila mbele ya mwenye mzigo, na mwenye mzigo hakutambuliwa ila kwa muhuri. Behewa lilikuwa na siku kumi za kungoja; zikiisha, hurudishwa lilikotoka. Leo ilikuwa siku ya kumi. Treni ya mizigo ya kwenda Tanga ilitarajiwa saa tisa alasiri.

Mbaruku, karani wa mizigo, alifika saa moja na nusu. Alikuwa mtu wa makamo, Mzigua wa Kilole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alifungua kitabu kikubwa, akalamba kidole, akafika kwenye ukurasa ambao wote watatu waliujua kwa moyo.

"Mpokeaji, Mwenyekiti wa Kijiji, Kwasungo," alisoma. "Sahihi na muhuri."

"Nami nimekuja na barua," bibi Mashavu alisema. "Imeandikwa na mwalimu. Mwenyekiti ametia sahihi, na wajumbe kumi na wawili wametia dole gumba."

"Nimeiona jana na juzi, dada yangu. Haina muhuri."

"Muhuri wa Umoja haujaletwa."

"Hata ungeletwa. Kitabu kinasema Kwasungo. Mimi sina ubaya na mtu. Nikifungua sili bila muhuri, magunia haya nitayalipa mimi mpaka wajukuu zangu." Alivua miwani, akaifuta. "Nendeni kwa afisa ugavi. Akiandika mstari mmoja tu kwamba Kwasungo na Umoja ni watu walewale, aweke muhuri wake, nafungua sasa hivi."

Lukasi alitazama lori. Lilikuwa limesimama peke yake mchangani, likitetemeka.

"Ni kazi ya dakika kumi," Mbaruku alisema. "Ofisi inafunguliwa saa mbili."

Ilifunguliwa saa tatu na robo.

Lukasi aliacha ufunguo wa bohari kwa mpagazi mmoja, Hiza, akamwagiza asimruhusu mtu yeyote kugusa lori, na likionyesha kutaka kuzima akanyage mafuta kidogo. Kisha yeye na bibi walitembea mpaka ofisi ya ugavi, wakakaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa limejaa watu wenye karatasi. Ukutani palibandikwa tangazo jipya la kilimo cha kufa na kupona, na chini yake mtu mmoja alikuwa amesinzia, kinywa wazi.

Afisa ugavi aliitwa Semboja. Alikuwa kijana, shati lake lilikuwa na mifuko minne na kila mfuko ulikuwa na kalamu. Hakuwa mkali. Aliisoma barua ya kijiji yote, hata majina ya waliotia dole gumba.

"Kwasungo hakipo, ndugu," alisema. "Kilifutwa mwezi wa nane."

"Watu wapo, ndugu afisa. Niliwahamisha mimi, kwa lori la bohari. Safari kumi na moja."

"Sikatai watu wapo. Nasema kijiji hakipo. Mahindi yanatolewa kwa kijiji, hayatolewi kwa watu."

"Basi yaandikwe Umoja."

"Umoja hauna mgao. Mgao ulipangwa mwezi wa saba, Umoja umezaliwa mwezi wa nane." Semboja alifungua jalada, akamgeuzia Lukasi orodha iliyopigwa taipu. Kwasungo kilikuwa katikati ya ukurasa, kimekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooshwa kwa rula. "Na tena ni wilaya ya Handeni. Mimi niko Korogwe. Handeni waniandikie, au wanipigie simu."

"Wapigiwe sasa."

"Nguzo zimelala chini tangu Jumamosi. Mchwa."

Bibi Mashavu alikuwa amesimama nyuma ya Lukasi, ameshika fimbo. "Mwanangu," alisema, "mimi unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Basi niandike mimi."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Semboja naye alitabasamu, lakini sikio lake moja lilibadilika rangi. Alifunga jalada. "Ngojeni hapo nje," alisema. "Nitaona la kufanya."

Walingoja mpaka saa tano. Kisha Lukasi hakustahimili tena, akarudi mbio bohari kutazama mafuta. Hiza alikuwa ndani ya lori, mguu juu ya pedali, macho yamemtoka kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike. Ufito ulitoka umelowa mpaka alama ya kumi na mbili. Lukasi aliufuta kwenye suruali, akaurudisha tena. Kumi na mbili. Safari ya kurudi ilikuwa imekwisha kukatwa kwa galoni moja na nusu, na hakuna gunia lililopakiwa.

Bibi alimfuata polepole, akaketi kwenye ubao wa kupandia, karibu na mlango wa dereva. Alikuwa akihema.

"Safari ya saba ndiyo ulinibeba mimi," alisema. "Unakumbuka? Mlango wangu ulivunjikia kwenye gari hili. Nikakwambia pole pole, ukaniambia bibi, saa zinahesabiwa."

"Nakumbuka."

"Safari ya mwisho nilikuwapo vilevile. Nilikuja kuokota mawe yangu ya mafiga. Nilimwona katibu wa kijiji anakupa kitu, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe."

Lukasi alifunga kifuniko cha tangi.

"Muhuri wetu uliondoka na gari hili, dereva. Uliupeleka wapi?"

Katika sanduku la vifaa chini ya kiti, chini ya jeki na spana, ndani ya kipande cha mpira wa tairi, ndiko ulikokuwa. Siku ile ya mwezi wa nane Lukasi aliagizwa aupeleke wilayani ukateketezwe. Alifika Handeni Jumamosi saa nane, ofisi imefungwa. Akauweka sandukuni mpaka Jumatatu. Jumatatu alitumwa Mazinde kubeba marobota ya mkonge, akakaa siku sita. Aliporudi, kama angeupeleka angetakiwa kueleza kwa nini mali ya Serikali ilikaa kwa dereva siku tisa, na yeye hakuwa na maelezo ila ukweli, na ukweli ulikuwa mdogo mno. Alingoja apate nafasi nzuri. Kila juma lililopita liliongeza uzito wa swali. Sasa ilikuwa miezi sita. Mtu wa Mombo aliyekutwa na muhuri wa chama cha ushirika uliofutwa alifungwa mwaka mmoja na nusu, naye alikuwa hajautumia.

"Niliupeleka ulikotakiwa," Lukasi alisema.

Bibi akafungua pindo la kaniki, akaukagua ule muhogo, akafunga tena.

Saa sita kasoro robo Semboja alikuja mwenyewe bohari, amepanda baiskeli. Lukasi alisimama haraka. Bibi naye alisimama.

"Ndugu dereva," Semboja alisema, "hili gari linawaka bure?"

"Linangoja karatasi yako, ndugu afisa."

"Vizuri. Kuna mgeni wa mkoa anakuja kesho, mkutano wa kilimo. Viti viko shule ya msingi, vinatakiwa uwanjani. Nusu saa tu. Karatasi yako naiandika wakati unapakia."

"Mafuta haya ni ya Umoja. Nimepimiwa."

"Kwani uwanjani ni mbali? Utaona kutoka hapa." Semboja alishusha sauti. "Ndugu Lukasi, mimi nataka kukusaidia. Nisaidie na wewe."

Viti vilikuwa mia moja na arobaini, na havikuwa kwenye shule moja. Vilikuwa kwenye shule mbili, na meza ya mgeni ilikuwa nyumbani kwa mtu upande wa pili wa mto. Halafu ilionekana kwamba jukwaa halina mbao, mbao zikafuatwa kwenye kinu cha kupasulia magogo. Halafu magunia mawili ya mkaa wa Semboja mwenyewe, kwa kuwa gari lilikuwa linapitia hapohapo. Lukasi aliendesha bila kusema neno. Kila alipopandisha gia alisikia petroli ikiingia kwenye kabureta. Hiza, aliyepanda nyuma na viti, aligonga paa la kebini mara moja.

"Kaka Lukasi! Hawa wageni si tungewapeleka behewani wakae juu ya magunia? Wangekaa vizuri zaidi!"

Walirudi bohari saa nane na dakika tano. Karatasi haikuwapo. Mhudumu wa ofisi ya ugavi alisema afisa amekwenda kula na baada ya hapo ana kikao. Kuhusu kijiji cha Umoja, alikuwa ameacha maneno: waandike maombi mapya, nakala tatu, wapitishie Handeni.

Bibi Mashavu alisikiliza maneno hayo mpaka mwisho. Hakulia. Alikaa chini mchangani, akanyoosha miguu, akaanza kufunga upya vitambaa vya nyayoni, akikaza kila fundo kwa meno. Lukasi aliona kwamba alikuwa anajiandaa kurudi kwa miguu.

"Bibi, usiondoke."

"Niliwaambia siku saba. Leo ya saba. Nisipoonekana watadhani nimefia njiani, watatuma mwingine, na huyo mwingine hana nguvu kama zangu."

Saa nane na nusu treni ya mizigo ilisikika ikipiga honi. Ilikuwa imewahi. Mfunga mabehewa alipita kando ya reli ya tatu na chaki mkononi. Kwenye mlango wa behewa, chini ya sili, aliandika RUDISHA, akapiga mstari chini yake.

Lukasi alitumbukiza ufito. Alama ya nane. Aliutazama mpaka petroli ikakauka juu ya mti. Kisha alipanda kebini, akainua kiti, akatoa jeki, akatoa spana, akatoa kile kipande cha mpira. Mikono yake ilikuwa mikavu. Alishangaa hilo tu.

Ndani ya ofisi Mbaruku alikuwa akijaza fomu ya kurudisha behewa. Lukasi aliweka muhuri juu ya meza, mpini wa mti uliopasuka kidogo, uso wa mpira bado na wino mkavu wa zambarau. Mbaruku aliugeuza kwa ncha ya kalamu, akausoma kinyumenyume. KIJIJI CHA KWASUNGO.

Akaenda akafunga mlango, akarudi.

"Umeutoa wapi?"

"Sandukuni mwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Ewe Lukasi." Mbaruku alishusha pumzi. "Unajua hiki ni nini?"

"Kitabu chako kinasema nini, mzee?"

"Kinasema Kwasungo."

"Na muhuri?"

Mbaruku alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi. "Huu muhuri umekufa," alisema.

"Ofisi yako ilipewa barua kwamba umekufa?"

Karani alifikiri. Lilikuwa swali la kazi, naye alikuwa mtu wa kazi. Alivuta sanduku la barua, akalipekua kutoka juu mpaka chini, bila haraka, huku nje mabehewa yakigongana. "Hapana," alisema hatimaye. "Reli haikuletewa barua yoyote." Alisukuma kidau cha wino mbele ya Lukasi. "Lakini mbele ya muhuri panaandikwa jina la aliyeuleta. Jina kamili. Wakija kuuliza, mimi nitawaonyesha hapo. Sitasema uongo kwa ajili yako."

"Sijakuomba useme uongo."

Bibi Mashavu aliitwa, akaweka dole gumba penye nafasi ya mpokeaji. Kisha muhuri ukabonyezwa. Wino wa zambarau ulitoka hafifu upande mmoja, lakini jina lilisomeka lote. Pembeni, kwa mwandiko wa darasa la saba wa misheni, Lukasi aliandika: Lukasi Kasmiri, dereva. Aliwaza nyumba ya kazini waliyopewa Kilole, vyumba viwili na jiko. Akamwaza Grasiana akiambiwa na mtu wa nyumba za Serikali atoe vyombo nje. Akaandika na tarehe.

Mbaruku alikata waya kwa koleo. Risasi ilianguka juu ya kokoto bila sauti kubwa.

Wapagazi wanne walipakia. Hawakuimba kama walivyozoea. Walibeba gunia watu wawili wawili, wakapumzika kila baada ya matano, na wakati wa kupumzika macho yao hayakutoka kwenye magunia. Gunia moja lilikuwa na tundu. Punje zilizodondoka ziliokotwa moja moja na kila aliyeokota alizitia mdomoni bila kuficha. Bibi Mashavu aliziona zikiokotwa. "Okoteni, wanangu," alisema. "Mkisha, mniwekee na mimi moja."

Saa tisa na dakika arobaini Lukasi alipima kwa mara ya mwisho. Ufito ulilowa mpaka alama ya saba, na kidogo juu yake.

"Yanatosha?" bibi aliuliza.

"Maili hamsini na saba. Labda."

"Na ni sitini."

"Ni sitini."

Bibi alihesabu kwa vidole kitu ambacho hakukisema. "Zilizobaki tutabeba kichwani," alisema. "Mlitubebesha nyumba, magunia hayatatushinda." Akapanda kebini kabla hajasaidiwa.

Getini askari aliandika kwenye daftari lake: mzigo, mahindi, kwendako, Kwasungo, muda, saa 9:48. Penye saa ya kurudi alisita, akamwuliza Lukasi.

"Acha wazi," Lukasi alisema.

Aliendesha kama alivyofundishwa na dereva wa kwanza wa lori lile: mguu mwepesi, gia ya juu mapema, na kwenye miteremko anaachia lori lijiendee lenyewe. Kwenye madaraja ya mbao alipita bila kubadilisha gia. Mashamba ya kando ya njia yalikuwa meupe, mabua ya mahindi yamesimama makavu urefu wa goti. Baada ya maili ishirini bibi alisinzia, fimbo katikati ya magoti. Baada ya arobaini aliamka, akaanza kutaja majina ya sehemu walizopita, yale ya zamani, kama anayehakiki orodha. Walipita Mazingara bila kusimama. Watu wawili walisimama mlangoni pa duka lililofungwa, wakalitazama lori, mmoja akaanza kulifuata kwa miguu.

Injini ilizima saa kumi na mbili na dakika ishirini, jua likiwa bado juu ya vichaka. Ilikohoa mara tatu, Lukasi akaiachia ijiburute mpaka kwenye kichuguu cha kandoni, akavuta breki ya mkono. Kimya kilichofuata kilimshtua. Tangu asubuhi mngurumo ule haukuwa umekatika hata dakika moja.

"Ni wapi hapa?" aliuliza.

"Hapa ndipo palipokuwa na kisima cha Kwasungo," bibi Mashavu alisema. "Umoja ni kule, nyuma ya mti ule. Saa moja kwa mtu mwenye miguu." Alishuka, akajinyoosha. Kisha akaweka mkono wazi mbele ya dirisha la dereva. "Lete."

"Nini?"

"Huo ni wetu."

Lukasi alitazama kiganja kile, ngozi na mifupa, wino wa zambarau ungali kwenye dole gumba. Alitoa muhuri mfukoni, akampa. Bibi akaufunga kwenye pindo la kaniki pamoja na nusu ya muhogo, akafuata njia kwenda kuwaita watu. Hakugeuka.

Yule mtu aliyekuwa akilifuata lori alifika baada ya muda, akasimama mbali kidogo, akasema shikamoo ingawa alikuwa mkubwa kuliko Lukasi. Lukasi alijibu. Akampa punje alizokuwa ameziokota bohari na kuzitia mfukoni.

Kisha alikaa kwenye ubao wa kupandia, akachukua kitabu cha gari. Kitabu kile kilikuwa na safu saba, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuacha hata moja bila kujaza. Aliandika: mzigo, magunia 33, kamili. Maili, 57. Hali ya gari, zima. Safu ya mwisho iliuliza mahali mafuta yalipoishia na sababu, na nafasi yake ilikuwa ndogo, ya maneno machache tu. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka mbalamwezi ikatoka na akasikia kwa mbali sauti za watu wengi wakija mbio.

Aliandika: Mafuta yaliishia Korogwe.